ZEGE LA JUMANNE

Sehemu ya tisa

"Sahihi hii ni yako?"

Hapo ndipo tulipomwacha Bi Kokoto wiki iliyopita, msomaji wangu, na mpo mlionitumia ujumbe mkali kwa kumwacha hapo. Nisameheni. Yeye mwenyewe angekubali abaki hapo hapo mpaka leo, mradi asijibu.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: Bi Kokoto ni fundi sanifu wa maabara ya zege katika shule ya uhandisi ya chuo kikuu. Yumo humo miaka ishirini na sita. Ni mfupi, mgumu, hacheki ovyo, na jina hilo alipewa na wanafunzi. Aliyemuuliza ni Mama Tofali, mjane mwenye kiwanda cha matofali, ambaye ameinunulia shule mashine mpya ya kuponda zege. Mashine imefungwa juzi, na leo saa sita inakabidhiwa rasmi. Karatasi aliyoitoa mkobani ni cheti cha kipimo cha miaka kumi na moja iliyopita, kile kile ambacho Bi Kokoto amekuwa akiomba kiwe kimeliwa na mchwa mahali.

"Ni yangu," akasema.

Sauti ilimtoka ndogo. Mkuu wa shule, aliyesimama pembeni na tai mpya, akageuka kumtazama. Afisa wa wafadhili, kijana nadhifu ambaye chuo kizima humwita Bwana Kipeperushi kwa kuwa hatembei bila vipeperushi, akaacha kutabasamu kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

Mama Tofali akaiweka karatasi mezani taratibu. Halafu akanyoosha mikono yote miwili, akashika ya Bi Kokoto.

"Nimekutafuta siku nyingi, dada yangu. Nataka kukushukuru."

"Kunishukuru mimi?"

"Wewe hasa. Ilipoanguka slabu, sakafu ya juu ya lile ghala ulilolipimia zege, mume wangu ndiye aliyekuwa msimamizi wa mafundi. Kulikuwa na fundi bomba chini, akafa. Kila mtu akasema lake. Mkandarasi akamlaumu mwenye mchanga, mwenye mchanga akamlaumu mwenye saruji. Ikatolewa karatasi yako. Zege la Jumatatu, zuri. Zege la Jumanne, zuri. Basi, maneno yakaisha. Ikajulikana kosa ni la kung'oa nguzo. Nguzo za kushikilia slabu ziling'olewa zote asubuhi moja badala ya kidogo kidogo kwa siku tatu. Mume wangu akakiri. Akafungwa miaka mitatu, akatoka na kifua kibovu, hakumaliza mwaka."

"Pole sana, mama," akasema Mkuu.

"Nimeshapoa. Ninachosema ni kwamba katika kazi ile yote, mtu mmoja tu ndiye aliyefanya kazi yake inavyotakiwa. Ni huyu hapa."

Bi Kokoto aliona aibu ikimpanda kutoka magotini. Alitaka kuichomoa mikono yake, akashindwa, kwa sababu aliyeishika alikuwa anamtazama kwa upendo wa kweli.

Bwana Kipeperushi alikuwa amekaa kimya karibu dakika mbili nzima, na hiyo kwake ni kazi nzito. Akafungua mkoba.

"Mama, kwa kuwa tumefika kwenye shukrani, labda nikuonyeshe na njia nyingine ambazo mtu mwenye moyo kama wako anaweza kuishika mkono shule yetu." Akatandaza karatasi za rangi mezani, juu ya cheti. "Kuna kigae chenye jina lako, kinabandikwa ukutani pale mlangoni. Kuna benchi la bustanini. Kuna kumlipia mwanafunzi mpaka ahitimu. Kuna kiti cha profesa."

"Kiti ndiyo bei hiyo?" Mama Tofali akauliza. "Mimi nina seremala wangu mzuri tu."

"Siyo kiti cha kukalia, mama. Ni mshahara wa profesa na utafiti wake, kwa miaka kumi."

"Si ungesema mshahara. Na hii karatasi ya kijani?"

"Hiyo ni ya wasia. Unaandika sasa, shule inapata ukishatangulia mbele ya haki."

"Hiyo iweke chini kabisa."

Mkuu akacheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Alikuwa na sababu. Kwenye droo yake kulikuwa na barua ya bodi inayosajili wahandisi: kama maabara haina mashine nzima ifikapo mwisho wa mwezi, idara ya ujenzi isipokee mtu na isihitimishe mtu. Wanafunzi mia mbili na arobaini wangerudi makwao na shahada nusu.

"Mimi nitakwambia nitakachofanya, wewe uandike," Mama Tofali akamwambia kijana. "Mashine, hiyo tayari. Kila likizo nitapokea wanafunzi sita kiwandani kwangu, wachanganye zege kwa mikono yao, waujue uzito wa koleo. Nauli na chakula juu yangu. Halafu Jumamosi nitawaleta mafundi wangu hapa, mwalimu mmoja awaeleze kwa nini nguzo hazing'olewi ovyo. Mume wangu alikuwa hodari, lakini hakuna aliyewahi kumkalisha darasani."

"Naandika, mama, naandika."

"La mwisho. Kila mwaka nitamlipia mtu mmoja asomee kazi ya huyu dada. Sisemi uhandisi. Nasema hii kazi yake ya kupima. Uitwe ufadhili wa Bi Kokoto, na jina lake lichongwe kwenye kibao cha mashine."

"Hapana," Bi Kokoto akasema.

Wote wakamgeukia.

"Jina langu liacheni."

"Ndivyo alivyo," Mkuu akadakia, huku akimfinya kiwiko. "Hapendi makuu. Twende tupate chai ofisini kwangu, wageni hawajafika. Bi Kokoto atatuandalia mashine."

Wakatoka. Bwana Kipeperushi akarudi mbio kuchukua karatasi yake ya wasia, akatoka tena. Mlango ukafungwa.

Sasa keti, msomaji, nikueleze dhambi yenyewe, maana kwa wiki nane nimekuwa nikiizungukia.

Katika maabara ile kuna desturi ambayo Bi Kokoto huwafundisha wanafunzi siku ya kwanza, kabla hawajashika hata mwiko. Mkandarasi akimwaga zege, huchota kiasi, hukijaza kwenye maboksi ya chuma, hupata michemraba mitatu ya kulingana. Michemraba huletwa chuoni, huzamishwa kwenye tangi la maji siku ishirini na nane, kisha huwekwa kwenye mashine na kubanwa mpaka ipasuke. Kiasi cha nguvu kilichoipasua ndiyo nguvu ya zege. Ukikisia, unaandika kwa penseli. Ukiponda, unaandika kwa wino. Kitabu chote cha maabara kinasimama juu ya hilo.

Zege la ghala lile lilimwagwa siku mbili. La Jumatatu lilipotimiza siku zake aliliponda mwenyewe, likatoa ishirini na saba, wakati mchoro ulitaka ishirini na tano. Akaandika kwa wino. Jioni ile ile mashine ya zamani, ambayo wote huiita Babu, ikapasuka pampu.

Michemraba ya Jumanne ikabaki majini.

Karani wa mkandarasi akawa anakuja mara mbili kwa siku. Anakaa kwenye kigoda, anatikisa mguu, anasema kazi imesimama, watu hawalipwi. Bi Kokoto akafikiri: saruji ile ile, mchanga ule ule, mafundi wale wale. Akaandika kwa penseli ishirini na saba, ishirini na sita, ishirini na saba. Alhamisi karani alipokuja kwa mara ya sita, Bi Kokoto akachukua kalamu ya wino akapitisha juu ya penseli. Alijiambia kwamba Babu akipona ataiponda, na itakuwa vile vile. Babu alipona siku ya tisa tangu aharibike. Slabu ilianguka siku ya tano.

Baada ya hapo aliogopa kuiponda. Aliogopa pia kuitupa, kwa sababu mchemraba ambao haujapondwa hautupwi, hiyo nayo ni desturi. Akaizamisha kwenye kona ya tangi, chini ya ile ya wanafunzi. Kila muhula tangi linapooshwa huliosha mwenyewe. Huitoa, huifuta, huirudisha. Kwa ajili ya michemraba mitatu hajawahi kuchukua likizo mwisho wa muhula, na wenzake humsifu kwa kujituma.

Akafunga mlango kwa ufunguo. Akakunja mikono ya koti, akaingiza mkono majini mpaka begani.

Ngoja nikwambie alichokiomba wakati anaitoa, ingawa si kizuri. Aliomba iwe na nguvu. Ikiwa na nguvu, basi penseli yake ilisema kweli, na marehemu mume wa Mama Tofali alikosea kweli, na yeye ni mwongo aliyebahatika tu. Aliomba hivyo kwa moyo wote, akijua anamwombea mabaya maiti wa watu.

Akaweka wa kwanza katikati ya sahani ya mashine mpya. Akafunga mlango wa wavu. Akabonyeza.

Namba zikaanza kupanda kwenye kioo. Tatu. Tano. Nane. Akawa anazisukuma kwa macho. Zilipofika kumi mchemraba ukatoa mlio mdogo mkavu, ukamomonyoka pande zote.

Wa pili, kumi. Wa tatu, kumi na moja.

Alisimama pale akitazama vumbi. Zege likikaa majini linazidi kukomaa. Miaka kumi na moja ilikuwa imeyafanya madonge yale kuwa magumu kuliko siku ile, na bado yalivunjika hivi. Slabu ile ilikuwa inaanguka tu, hata kama ingeshikwa na malaika. Mtu alifungwa bure. Akafa anajulikana kama muuaji, na aliyemponza ndiye ambaye ufadhili ulikuwa unapewa jina lake.

Akafungua kitabu ukurasa mpya. Akaandika namba tatu kwa wino, tarehe ya leo, na mbele yake: zege la ghala, Jumanne.

Mlango ukagongwa.

"Dada, ni mimi. Nimewatoroka. Yule kijana ananionyesha picha za mabenchi."

Angeweza kuzoa vifusi kwanza. Dakika moja ingetosha, na beleshi lilikuwa hapo hapo. Alikwenda akafungua.

Mama Tofali akaingia, akaizunguka mashine akiipapasa ubavu. "Umeshaijaribu? Vizuri." Kisha jicho lake likaangukia sahani. Mtu aliyeishi na matofali miaka ishirini hawezi kupita kifusi bila kukigusa. Akachukua kipande, akakisugua kwa kidole gumba, kikawa unga.

"Mchanga mtupu. Saruji wameramba. Hili zege la nani?"

"La Jumanne."

"Jumanne iliyopita?"

"Jumanne ya ghala."

 Bi Kokoto akaona kama akinyamaza hata kidogo hatasema tena maisha yake yote, hivyo akasema bila kupumzika. Pampu, karani, kigoda, penseli, wino, tangi. Alisema yote, isipokuwa moja.

"Sikupima, mama. Niliandika tu. Mume wako hakukosea. Mimi ndiye niliyemfunga."

Mjane akatafuta kigoda kwa mkono, akakaa.

"Rudia. Polepole."

Akarudia.

"Na kama nguzo zingeng'olewa kidogo kidogo, siku tatu, kama ilivyoagizwa?"

"Ingeanguka tu. Labda siku ya pili badala ya ya kwanza."

"Una hakika au unakisia?"

"Nimeponda. Nimeandika kwa wino."

Bi Kokoto alisubiri kofi. Alilitaka, nadhani. Lakini Mama Tofali alikuwa ameshika kipande kile cha zege kwa mikono miwili, anakitazama, midomo inamcheza, na alipoinua uso Bi Kokoto hakuona hasira. Aliona hofu.

"Mume wangu hakung'oa nguzo hata moja," akasema.

"Unasemaje?"

"Siku ile alikwenda kununua misumari. Aliyezing'oa ni mwanangu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, alitaka baba yake akirudi akute kazi imekwisha, amsifu. Ikaanguka mbele ya macho yake. Baba yake akamvuta pembeni akamwambia, wewe leo ulikuwa unaumwa, hukuja kazini. Mimi nikaenda mbele ya watu nikaapa hivyo hivyo. Nyumba nzima tukawa waongo."

"Mungu wangu."

"Sasa ana miaka thelathini. Hajaoa. Hapandi ghorofa. Unadhani mashine hii nimeinunua kwa ajili ya nini? Nilifikiri nikitoa, nikitoa sana, kwa shule, kwa wanafunzi, kwa mafundi, labda siku moja ataona deni limekwisha, atakula kama watu. Nilikushukuru wewe kwa sababu karatasi yako ilitufanya tujue kosa ni letu, tuache kulaumu watu. Ndiyo maana nikaitunza."

Alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine.

"Yuko wapi?" Bi Kokoto akauliza. "Niambie alipo, nimweleze mwenyewe. Hata leo."

"Leo asubuhi alinivalisha viatu. Akaniambia, mama, wewe umetoa cha kwako, acha na mimi nikatoe cha kwangu. Nikadhani anakwenda kununua zawadi." Mama Tofali akainuka, kipande kikamponyoka. "Nimeelewa sasa hivi ninavyokwambia. Dada, mwanangu amekwenda polisi."

Hapo hapo mlango ukafunguka. Mkuu wa shule, nyuma yake Bwana Kipeperushi na mkasi wa kukatia utepe juu ya kitambaa.

"Wageni wameshakaa. Mwakilishi wa bodi naye amefika mapema, safari hii. Twendeni, twendeni." Akaona vifusi. Akaona kitabu kimefunguliwa. Ni mtu wa zege, alisoma mstari mmoja tu rangi ikamtoka. "Bi Kokoto. Hii ni nini?"

"Ni kazi niliyokuwa nadaiwa, Mkuu."

Mkuu akafunga mlango, akamwacha Kipeperushi nje na mkasi wake. Akashusha sauti.

"Sikiliza. Sijui ulifanya nini, na sitaki kujua leo. Futa huo mstari."

"Ni wino."

"Basi chana ukurasa. Bodi iko pale nje. Wakisikia maabara hii ilitoa cheti cha uongo, hawatauliza mashine ni mpya au ya zamani. Watafunga. Vijana mia mbili na arobaini, Bi Kokoto. Unawajua kwa sura. Kosa lako unataka walilipe wao?"

Na hapo, msomaji, alimshika pabaya. Alikuwa anawajua kwa sura, na wengi kwa mwandiko. Alijua nani aliuza simu yake alipe ada, na nani hulala maktaba kwa kukosa chumba. Akaona akisema anawaumiza hao, na akinyamaza anamwacha kijana mmoja akajifunge kwa kosa lisilo lake. Kila upande alioelekea alimkuta mtu anayeumia kwa ajili yake.

"Mkuu," Mama Tofali akasema. Alikuwa anatafuta simu kwenye mkoba. "Mashine nimeshaitoa. Sina tabia ya kurudisha nyuma kilichotoka mkononi mwangu. Ya bodi kaseme nao wewe, ndiyo kazi yako. Mimi hapa natafuta mtoto."

"Mama, naelewa, lakini..."

"Huelewi. Kaa pale au toka."

Mkuu akakaa.

Simu iliita mara moja, mbili, tano. Mama Tofali akaiweka mezani kwenye spika, wote wasikie. Akamshika Bi Kokoto mkono wa kushoto, akaung'ang'ania.

"Mama." Sauti ya mtu mzima, iliyochoka. "Shughuli imeisha?"

"Uko wapi?"

"Unajua nilipo."

"Umeshasema chochote?"

"Bado. Wamenikalisha benchi. Mbele yangu yuko mmoja, ameibiwa baiskeli. Nyuma yangu kuna mwingine, sijui shida yake, analia tu."

"Usiingie. Nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha, usiingie. Kuna mtu hapa anataka kusema na wewe. Msikilize mpaka mwisho."

Bi Kokoto akainamia simu. Alikuwa anaeleza kwa mara ya tatu asubuhi hiyo.

"Mwanangu, mimi ni fundi wa maabara ya chuo. Mimi ndiye niliyeandika kile cheti cha zege la ghala. Nilidanganya. Zege la Jumanne sikulipima. Nimelipima leo, sasa hivi, mama yako ameliona."

 Kwenye simu ikasikika milango, na mtu akieleza rangi ya baiskeli.

"Limetoa ngapi?" kijana akauliza.

"Kumi."

"Lilitakiwa?"

"Ishirini na tano."

Alikuwa mtoto wa fundi. Hakuhitaji kufafanuliwa. Pumzi yake ikasikika ikitoka, ndefu, ikakatika katikati.

"Kwa hiyo nguzo."

"Nguzo hazikuwa na neno. Ingeanguka. Wewe hukumuua mtu, mwanangu. Wala baba yako. Ni mimi. Nakuja hapo ulipo, nitalisema hilo mbele ya huyo askari. Wewe ondoka tu hapo kwenye benchi."

Mama Tofali alikuwa analia bila sauti, anatikisa kichwa juu chini, anaubana mkono ule. Hata Mkuu alikuwa ameinamisha uso. Bi Kokoto akahisi kifua kinafunguka kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na papo hapo akajilaumu kwa kuhisi nafuu.

"Nikuulize kitu, wewe mama wa maabara," kijana akasema. Hakuwa na furaha katika sauti. "Kabla kesi haijaanza, kuna siku baba alivaa shati lake jeupe. Akasema anakwenda chuoni kumuuliza mtu jambo moja, na akijibiwa vile anavyofikiri, sote tutapona. Alirudi saa kumi, hakugusa chakula. Akanitazama muda mrefu sana, kama ndiyo ananiona. Kesho yake akaenda kukiri. Mpaka anakufa hakutuambia alimuuliza nani, wala alijibiwa nini."

Bi Kokoto hakuthubutu kugeuza macho.

"Alikuja kwako?"

Siku ile mume wa Mama Tofali alikuwa amesimama pale mlangoni, kofia mkononi. Hakufoka. Alimwita dada, akaomba radhi kwa kumsumbua kazini. Akamuuliza kama michemraba ya Jumanne aliiponda kweli, maana zege lile yeye alilitilia shaka tangu linamwagwa. Tangi lilikuwa hatua mbili nyuma ya mgongo wa Bi Kokoto.

"Alikuja," akasema.

"Ukamwambia nini?"

Mama Tofali alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anasikiliza.

"Nilimwambia niliiponda kwa mikono yangu. Nikamwambia, kama kuna mtu alikosea, amtafute miongoni mwa watu wake."

Mkono wa kushoto wa Bi Kokoto ukaachiwa.

 Kisha kwenye simu, mbali kidogo, sauti ya askari aliyekwisha kuchoka na asubuhi yake ikaita anayefuata, na likasikika benchi likilia, mtu akiinuka.